Pesa Zimekwenda, Mzigo Haujafika



Tangu simu zenye intaneti zilipoingia kwa wingi katika kambi za mashamba ya miwa huku mashariki mwa Uganda, duka limetufuata mpaka mlangoni. Mtu akitoka shambani hukaa akatazama picha za sola, redio na magodoro pamoja na bei zake, akalipa kwa simu, akangoja. Wengi hupata walichonunua. Wengine hungoja mpaka wakachoka, na hao ndio wanaokuja ofisini kwetu wakisema, "Pesa zangu zimeliwa."

Sisi huwauliza kwanza: ulilipa tarehe gani? Maana sheria ya Uganda ya mwaka 2011 juu ya biashara za elektroniki inamtaka muuzaji atimize oda ndani ya siku 30 tangu alipoipokea, isipokuwa kama mlipatana muda mwingine. Siku hizo zikipita, mnunuzi anaweza kuvunja mapatano kwa kutoa taarifa ya maandishi ya siku 7. Na kama bidhaa imekwisha dukani, muuzaji ni lazima amjulishe mnunuzi mara moja, na amrudishie pesa zake ndani ya siku 30 tangu kumjulisha. Angalia neno hilo, maandishi. Kupiga simu na kugombana hakuhesabiwi.

Mwanachama wetu mmoja, mama wa kazi ya palizi, alilipia sola na betri yake shilingi 340,000 kwa kampuni yenye duka mjini, na 15,000 zaidi za kuletewa. Ilikuwa akiba yake ya miezi mingi, na watoto wake walikuwa wakisoma kwa kibatari. Kila wiki alipiga simu, na kila wiki kijana mmoja alimjibu kwa adabu, "Kesho, mama." Hawakukataa hata siku moja. Anayekataa hujiletea kesi, lakini anayesema kesho huweza kukaa na pesa za watu mwaka mzima, nao wakamshukuru kwa adabu zake.

Tulimwomba alete ujumbe wa malipo. Kwa bahati alikuwa hajaufuta. Wengine hufuta kila kitu simu ikijaa, kisha hawana hata namba ya muamala. Nakili namba hiyo katika daftari siku ile ile unayolipa, pamoja na tarehe, kiasi, na jina lililotokea kwenye simu. Picha ya tangazo ihifadhi pia, kwa sababu tangazo huondolewa wakati wowote.

Barua tuliyoandika haikuzidi ukurasa mmoja, wala haikuwa na matusi. Ilitaja kitu kilichonunuliwa, kiasi, tarehe na namba ya muamala. Ilisema siku 30 zimepita, mnunuzi anavunja mapatano, na baada ya siku 7 anataka pesa zake zirudi kwa namba ile ile iliyolipa. Tulipeleka nakala mbili kwa mkono, moja wakaipiga muhuri wa kupokea, tukarudi nayo.

Kama wangenyamaza, ipo njia ya madai madogo mahakamani, iliyowekwa kwa kanuni za mwaka 2011. Inashughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni 10, na mawakili hawaruhusiwi kusimama, kwa hiyo mpalizi na mwenye duka husema kila mmoja kwa kinywa chake. Kabla ya kufungua dai, unamtumia mdaiwa hati ya madai na kumpa siku 14 za kulipa. Njia ni nzuri, lakini ina nauli yake, na mtu anayelipwa kwa kazi aliyomaliza hupoteza ujira wa siku anayokwenda mjini. Wenye maduka wanalijua hilo. Ndiyo maana tawi linaandika barua na kuipeleka, ili mwanachama asipoteze siku kabla haijawa lazima.

Yote hayo yanafaa kwa muuzaji mwenye jina na mahali. Mwizi mwenye ukurasa wa picha na namba ya simu tu ni habari nyingine, na barua haimfikii. Hapo usingoje siku 30. Piga simu mara moja kwa kampuni ya simu uliyolipia, maana pesa zikikwisha kutolewa kwa wakala hakuna cha kuzuia. Kisha nenda polisi ukaandikishe maelezo, ukachukue namba ya kumbukumbu. Laini za simu huandikishwa kwa kitambulisho cha taifa, kwa hiyo kuna pa kuanzia, ingawa mara nyingine jina lililoandikwa ni la mtu asiye na habari.

Na akija mtu kwa simu akisema atakurudishia pesa zilizopotea ukimlipa kwanza ada kidogo, au ukimpa namba yako ya siri, huyo ni mwizi wa pili. Amesikia kilio chako tu.

Yule mama alirudishiwa shilingi 340,000 siku ya tano baada ya barua. Zile 15,000 za kuletewa mzigo ambao haukuletwa, kampuni inasema ni gharama zake. Tumeandika barua ya pili, nayo pia ina muhuri.