Mahindi, Maharagwe na Kayongo: Kugawana Udongo wa Mchanga

Mwaka 1934 mwanasayansi Mrusi, G. F. Gause, alichapisha majaribio yake kuhusu viumbe vidogo vya maabara. Aligundua kwamba spishi mbili zinazotegemea chakula kilekile kwa namna ileile hazikai pamoja kwa muda mrefu. Moja huishinda nyingine ikatoweka. Mkulima wa Matulo, karibu na Webuye, hukutana na kanuni hiyo kila msimu, hasa shamba lake likiwa na mchanga mwingi. Udongo huo hupitisha maji haraka, na mvua kubwa huizamisha naitrojeni isikofikiwa na mizizi. Kilichobaki hugombewa vikali.

Hata hivyo, mahindi na maharagwe hupatana. Maharagwe hupata sehemu ya naitrojeni yake hewani, kwa msaada wa bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi. Tena huvunwa baada ya miezi mitatu hivi, wakati H614, mbegu ya mahindi ya nyanda za juu inayouzwa Kitale, bado ina miezi kadhaa shambani. Lakini fosforasi yanaigombea, na kwenye kivuli cha mahindi maharagwe hudhoofika. Mpangilio wa MBILI uliofundishwa Bungoma unatatua hilo la kivuli: mistari miwili ya mahindi husogezwa karibu, kisha huachwa nafasi pana ya mistari miwili ya jamii ya kunde. Idadi ya mahindi haipungui.

Kayongo, gugu ambalo Watanzania huliita kiduha, halina cha kugawana na yeyote. Hujishikiza kwenye mzizi wa mahindi na kunyonya maji na chakula, na kwenye udongo uliochoka ndiko linakostawi zaidi. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu, na hizo zaweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10 zikingoja kemikali inayotolewa na mizizi ya mahindi.

Dhidi ya kayongo naipa desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, nafasi ya kwanza. Watafiti wa kituo cha ICIPE huko Mbita walibaini kwamba mizizi yake huchochea mbegu za kayongo kuota, kisha huzizuia kushika mzizi wa mahindi, zikafa. Wakati huohuo inaongeza naitrojeni na kulisha ng'ombe.

Ndugu mkulima, ipande kati ya mistari ya mahindi, na kayongo unaloliona ling'oe kabla halijatoa maua.