Reli ya mezani inayobebeka: shiti moja ya plaiwudi yatosha kuanza

BUGARAMA haina reli. Mkazi wa jirani na mgodi wa Bulyanhulu anayetaka kuona treni hulazimika kusafiri hadi Isaka, ng'ambo ya Kahama, ambako reli ya Tabora hadi Mwanza hukutana na malori yapelekayo mizigo Rwanda na Burundi.

Hata hivyo, kwa mwenye msumeno, bikari na subira, treni yaweza kuja Bugarama. Itakuja ikiwa ndogo, juu ya meza, na siku ya maonesho itafunguliwa vipande na kupakiwa kwenye Hiace.

Kujenga reli za mfano ni burudani ya siku nyingi Ulaya. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha njia za vipimo maalumu mwaka 1891, na treni za Hornby za Uingereza zilianza kuuzwa mwaka 1920. Huku kwetu mtoto huunda gari la waya, akaliwekea usukani mrefu na kuliendesha akiwa amesimama. Ufundi ni ule ule, ila reli hudai vipimo vikali zaidi.

Jambo la kwanza ni kuchagua kipimo. Kinachotumika sana duniani ni 1 kwa 87, yaani kila kitu hupunguzwa mara 87. Reli ya Kati ya zamani, yenye upana wa mita 1, huwakilishwa na njia ya milimita 12. Reli ya kisasa ya SGR, yenye upana wa milimita 1,435, huwa milimita 16.5, na hiyo ndiyo inayopatikana kirahisi zaidi. Kontena la futi 20 huwa na urefu wa sentimita 7, na laweza kuundwa kwa boksi la dawa ya meno.

Hesabu humkinga mjenzi asijitwishe mzigo asioumudu. Njia kuu ya SGR kati ya Mwanza na Isaka, ambayo ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2021, ina kilomita 249. Kwa kipimo hicho ingehitaji meza ya karibu kilomita 3! Ndiyo maana wazoefu huchagua stesheni moja tu. Kwa Isaka, njia kuu, njia ya kupishania, makontena ya bandari kavu na malori mawili matatu vinatosha.

Shiti moja ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4 hutoa vipande vinne vya futi 4 kwa 2. Vikipangwa mstari mmoja hufanya meza ya futi 16, karibu mita 5. Kila kipande hufungiwa fremu ya mbao kwa chini. Pande zote mbili zipakwe vanishi kabla ya msimu wa mvua, la sivyo plaiwudi hupinda na reli hufuata.

Kazi ngumu iko kwenye maungio. Treni ikianguka, mara nyingi huangukia hapo. Seremala abane fremu mbili pamoja na kutoboa matundu ya bolti kwa mara moja, si kila moja peke yake. Nati za masikio hufungwa kwa vidole, bila spana.

Ukingoni mwa kila kipande hukazwa skrubu za shaba, na reli hulehemiwa juu yake ikiwa bado nzima, imevuka ungio. Ikishashika, hukatwa katikati kwa msumeno mwembamba. Kwa njia hiyo ncha mbili hutazamana sawasawa kila meza inapounganishwa upya.

Treni nyingi za aina hii hutumia umeme wa DC usiozidi volti 12, sawa na wa betri ya pikipiki, hivyo hata kusiko na umeme wa gridi treni itakwenda. Kinahitajika kidhibiti mwendo na fyuzi. Kamwe reli isiunganishwe moja kwa moja na umeme wa Tanesco. Adui mwingine ni vumbi: huzuia umeme kufika kwenye magurudumu, kwa hiyo reli ifutwe kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kila safari.

Gharama kubwa ni njia, magurudumu na kichwa cha treni, ambavyo huagizwa nje. Nyumba, miti, makontena na malori hutengenezwa kwa maboksi, makopo na waya. Hii ni burudani, si mradi wa kurudisha mtaji, na hakuna sababu ya kuuza mbuzi kwa ajili yake.

Faida yake iko karakanani. Kijana anayejenga meza hiyo hujifunza kusoma mchoro, kukata pembe mraba, kulehemu na kufuata waya ulioharibika, stadi zinazotakiwa migodini na relini. Na kwa kuwa meza inabebeka, kazi yake yaweza kuonwa shuleni, Nane Nane au kwenye maonesho ya teknolojia ya madini Geita.

Anayeanza aunganishe vipande viwili, alaze njia moja iliyonyooka, kisha asukume behewa moja kwa kidole. Likivuka ungio mara kumi bila kuanguka, ndipo aagize kichwa cha treni.