Simu ya kukunja kwa mtu wa Rungwe: mvua si tatizo kubwa, vumbi ndilo

Simu za kukunja zimeanza kuonekana Tukuyu. Nyingine zinaletwa na ndugu wanaorudi likizo kutoka Dar es Salaam, nyingine zinaagizwa Kariakoo zikiwa zimeshatumika Dubai au Ulaya, na kila toleo jipya linapotoka bei ya zile za zamani inashuka. Ndiyo maana swali limebadilika. Zamani watu waliuliza simu hizo zinafanyaje kazi. Sasa wanauliza, "Ninunue?"

Jibu langu kwa wakazi wengi wa wilaya hii ni hapana, kwa sasa. Wapo wachache ambao jibu lao ni ndiyo, nao nitawataja. Lakini sababu zangu ni tofauti na zile zinazosikika vijiweni. Wengi wanaihofia mvua, na katika mji unaopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka hofu hiyo inaeleweka. Mimi ninahofia zaidi vumbi la Agosti hadi Oktoba, umbali wa fundi mwenye vipuri, na fedha nyingi kutolewa kwa kazi ambayo simu ya kawaida ingeifanya.

Simu hizi ni za aina mbili

Aina ya kwanza hufunguka kama kitabu. Ikifungwa ni simu ya kawaida iliyo nene kidogo. Ikifunguliwa inakuwa na skrini ya takribani inchi 8, karibu sawa na tableti ndogo. Humo zimo Samsung Galaxy Z Fold, Google Pixel Fold na Tecno Phantom V Fold, ambayo ilizinduliwa Barcelona Februari 2023. Aina ya pili hukunjwa kutoka juu kwenda chini. Ikifunguliwa ni simu ya ukubwa uliozoeleka. Ikifungwa inaingia hata kwenye mfuko wa shati. Humo zimo Galaxy Z Flip na Tecno Phantom V Flip.

Tofauti hii ni muhimu kwa mnunuzi. Aina ya kitabu inakupa nafasi ya kazi ambayo hukuwa nayo. Aina ya pili inakupa ufupi wa mfukoni, na uwezo wa kuisimamisha simu mezani ikajipiga picha yenyewe. Ukishaifungua, huna kitu cha ziada kuliko mwenye simu ya kawaida.

Kinachofanya skrini ikunjike

Kuna mambo mawili. La kwanza ni skrini ya OLED, ambayo kila nukta yake hutoa mwanga wake yenyewe. Kwa kuwa haihitaji taa ya nyuma, inaweza kujengwa juu ya utando wa plastiki badala ya kioo kigumu. La pili ni wembamba. Kitu kikikunjwa, upande wake wa nje huvutika na wa ndani hubanwa. Kadiri kilivyo chembamba, ndivyo nguvu hizo zinavyopungua. Aliyewahi kufunga chakula kwa jani la mgomba analijua hili: ubapa wa jani hukunjika bila shida, uti wake huvunjika, na vyote vimetoka kwenye jani moja.

Galaxy Z Flip ilipotoka Februari 2020 iliwekewa kioo cha takribani mikromita 30, chini ya nusu ya unene wa unywele. Ni kioo kweli, ila hakiachwi wazi: juu yake umebandikwa utando wa plastiki. Kidole chako kinagusa plastiki hiyo, hakigusi kioo. Hapo ndipo habari ya Rungwe inapoanzia.

Ugumu wa vitu hupimwa kwa kipimo cha Mohs, kuanzia 1 hadi 10. Ukucha wa binadamu uko karibu na 2.5. Skrini ya simu ya kawaida yenye kioo kizuri huanza kuchorwa na kitu cha ngazi ya 6. Utando wa simu ya kukunja huchorwa na kitu cha ngazi ya 2, na hupata mfereji wa kudumu kwa kitu cha ngazi ya 3. Maana yake hata ukucha mrefu unaweza kuacha alama.

Sasa tazama udongo wetu. Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 3,000, ni volkano. Jirani yake Kyejo ulimwaga lava mara ya mwisho takribani mwaka 1800. Rutuba inayotupa chai, ndizi na parachichi imetokana na majivu na miamba ya milima hiyo, na ndani ya vumbi lake zimo punje za madini kama feldspa, yenye ugumu wa 6. Punje moja ikibaki kwenye skrini wakati unafunga simu, inabanwa kati ya nusu mbili za plastiki yenye ugumu wa 2. Simu ya kawaida iliyoingia vumbi mfukoni hufutwa na kurudi kazini. Simu ya kukunja inaweza kubaki na shimo dogo, na chini ya shimo hilo kipo kioo chembamba kuliko unywele.

Watengenezaji walilijua tatizo hili kwa gharama. Aprili 2019 Samsung iliwapa waandishi simu za kwanza za Galaxy Fold wazijaribu, na baadhi zikaharibika ndani ya siku chache. Wapo waliobandua utando wa juu wakidhani ni protekta ya dukani. Kwa wengine uchafu ulipenya kwenye bawaba na kuisukuma skrini kutoka chini. Kampuni iliahirisha mauzo hadi Septemba 2019, baada ya kurefusha utando hadi chini ya fremu na kuziba matundu ya bawaba. Hatua nyingi za miaka iliyofuata zimekuwa vita dhidi ya uchafu kwenye bawaba.

Soma tarakimu mbili kabla ya kusoma bei

Kwenye maelezo ya simu tafuta herufi IP zikifuatiwa na tarakimu mbili. Ya kwanza inahusu vumbi, kuanzia 0 hadi 6. Ya pili inahusu maji, na kwa simu nyingi za bei kubwa ni 8, yaani simu inavumilia kuzamishwa kwenye maji safi kwa kina na muda uliotajwa na mtengenezaji, kama mita 1.5 kwa dakika 30.

Galaxy Z Fold3 na Z Flip3 za mwaka 2021 zilipata IPX8. Herufi X inamaanisha hakuna daraja la vumbi lililotolewa. Z Fold6 na Z Flip6 za mwaka 2024 zilipata IP48: tarakimu 4 inahakikisha kuzuia vitu vyenye upana wa zaidi ya milimita 1, na vumbi la barabara ya shamba ni dogo kuliko hapo kwa mbali. Mwaka 2025 Google ilitoa Pixel 10 Pro Fold yenye IP68, ambayo bawaba na mwili wake vinazuia vumbi lisiingie kabisa. Zipo pia simu za kukunja, hasa za bei ya chini, zisizo na daraja lolote.

Ndiyo maana nasema mvua si tatizo kubwa. Mwenye Z Flip ya IPX8 akinyeshewa kutoka Ushirika hadi Katumba, simu ikiwa nzima, hana sababu ya kupoteza usingizi. Akipanda bodaboda kiangazi kwenye barabara ya udongo, simu ikiwa kwenye mfuko wa koti wenye mabaki ya majani ya chai, hapo anacheza na fedha yake. Na hata IP68 hulinda ndani ya simu tu. Haizuii punje kubaki kati ya nusu mbili unapofunga. Kuifuta skrini kabla ya kuifunga ni kazi ya mwenye simu.

Kuhusu idadi ya mikunjo, wengi wana hofu isiyo na msingi. Kwa miaka mingi Samsung ilitaja mikunjo 200,000. Ukifungua simu mara 100 kwa siku, hiyo ni zaidi ya miaka mitano. Skrini ya Z Fold7 ya mwaka 2025 ilipimwa hadi mikunjo 500,000. Vipimo hivyo hufanywa na mashine mahali safi. Simu chache hufika huko. Nyingi huuawa na kuanguka, na punje, na utando unaoanza kubanduka kwenye mkunjo baada ya mwaka mmoja au miwili. Ukiona utando umeinuka, usiubandue mwenyewe. Ni sehemu ya skrini.

Fundi yuko wapi?

Tukuyu ina mafundi simu wazuri. Kubadilisha skrini ya simu ya kawaida ni kazi ya saa moja na vipuri vinapatikana. Skrini ya ndani ya simu ya kukunja ni habari nyingine: mara nyingi huja ikiwa imeshikamana na fremu na bawaba, inaharibika kwa kosa dogo la mkono, na bei yake inashtua. Galaxy Fold ya mwaka 2019 iliuzwa dola 1,980 Marekani, na kubadilisha skrini ya ndani nje ya dhamana kulipangiwa dola 599. Hiyo ni karibu theluthi moja ya bei ya simu nzima. Tukichukua dola moja kuwa shilingi 2,500, ni kama milioni 1.5 kwa skrini peke yake.

Kisha ongeza safari. Mbeya ni karibu kilomita 70 kutoka Tukuyu, Dar es Salaam karibu 900. Simu ikihitaji kituo cha kampuni yenyewe, utakaa bila simu kwa siku kadhaa au wiki. Simu iliyonunuliwa Dubai inaweza kuwa na dhamana ya huko tu. Na kampuni yenyewe inaweza kutoweka: Royole ya China, iliyotangulia wote kwa kutoa simu ya kukunja mwaka 2018, ilifilisika baadaye. Mwenye simu yake hana pa kwenda.

Nani anaihitaji kweli?

Ukipiga *150*00# kutuma fedha kwa M-Pesa, menyu ni ileile ya kitochi. WhatsApp, simu za kawaida, bei ya ndizi soko la Kiwira, picha za harusi: yote haya yanafanyika vizuri kwenye simu ya laki chache. Betri nayo ni hoja. Z Fold7 ina betri ya mAh 4,400 inayolisha skrini ya inchi 8, wakati simu nyingi za bei ya chini zina mAh 5,000 na skrini ndogo. Umeme ukikatika siku nzima, tofauti hiyo utaiona.

Anayefaidika ni mtu ambaye kazi yake inahitaji nafasi ya kusoma na kuandika akiwa njiani kila siku. Mnunuzi wa parachichi anayepita mashambani na jedwali la uzito, mikataba na nyaraka za kusafirishia nje. Mhasibu wa chama cha wakulima wa chai anayelinganisha hesabu mbili kwa pamoja. Mtaalamu wa ramani na upimaji. Watu hawa leo wanabeba simu na tableti. Aina ya kitabu inaweza kuchukua nafasi ya vyote viwili. Hata hivyo wafanye hesabu kwanza. Z Fold7 ilitoka kwa dola 1,999, karibu milioni 5 kabla ya faida ya muuzaji. Simu nzuri ya kawaida na tableti vinaweza kupatikana kwa chini ya nusu ya hapo, na kimoja kikivunjika unabaki na kingine.

Mzee anayetaka maandishi makubwa namshauri tableti. Kijana anayevutiwa na Flip kwa uzuri wake simlaumu, ila ajue analipia umbo.

Ukiamua kununua iliyotumika

Ikague mchana, nje ya duka. Ifungue taratibu usikilize bawaba: mlio wa kusagika ni mchanga. Iache nusu wazi. Ikilegea na kuanguka yenyewe, bawaba imechoka. Iangalie ikiwa imezimwa, uielekeze kwenye mwanga, utafute mapovu na mikwaruzo kwenye mkunjo. Iwashe, weka picha nyeupe kisha nyeusi, utafute mstari au doa. Pitisha kidole sehemu zote za mkunjo uone kama mguso unaitika. Uliza kama imewahi kufunguliwa na fundi. Ikiwa ndiyo, usiitegemee tena kwenye maji. Piga *#06# upate namba ya IMEI, uitume kwenda 15090 ya TCRA uhakikishe ni simu halali. Mwisho, uliza ni ya mwaka gani. Kwa simu za kukunja, ahadi ya Samsung ya kusasisha programu kwa miaka 7 ilianza na zile za mwaka 2024. Za nyuma muda wake ni mfupi, na programu za benki huja kukataa simu zilizopitwa na wakati.

Uamuzi

Chukua bei unayoambiwa, uongeze theluthi yake kwa ajili ya skrini ya pili. Kama kiasi hicho kinatoka bila kugusa ada ya watoto wala mtaji wa shamba, na kama kuna kazi ya kila siku inayohitaji skrini ya inchi 8, nunua aina ya kitabu yenye daraja la vumbi, na uifute kila unapoifunga. Kama moja kati ya hayo halipo, nunua simu ya kawaida yenye IP68 na ubaki na fedha yako.

Anayesubiri hapotezi kitu, kwa sababu bei inashuka na kinga ya vumbi inapanda. Kwa mkazi wa Rungwe asiyesukumwa na kazi, wakati wa kununua utafika siku simu yenye tarakimu 6 kwenye vumbi itakapokuwa na skrini ya akiba inayopatikana Mbeya, kwa bei ambayo fundi anaweza kukutajia kabla hujaivunja.