Kudhihirisha Mawimbi ya Mbao: Utiaji Rangi na Ukamilishaji wa Gitaa la Umeme la Mwembe katika Vitongoji vya Dar es Salaam

1. Utangulizi

Gitaa la umeme limekuwa nguzo ya muziki wa Dar es Salaam kwa miongo mingi. Bendi za dansi kama NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, na DDC Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1978, zilijenga mitindo yake juu ya majibizano ya gitaa la solo, la ridhimu na la besi. Magitaa hayo, hata hivyo, kwa sehemu kubwa yalikuwa bidhaa kutoka ng'ambo. Wakati huohuo, jiji lina hazina kubwa ya ujuzi wa mbao: Keko, wilayani Temeke, inajulikana kwa mafundi samani, na Mwenge, wilayani Kinondoni, inajulikana kwa wachongaji wa vinyago. Fundi anayeunda gitaa la umeme nyumbani kwake anarithi pande zote mbili.

Makala haya yanafafanua hatua moja ya uundaji huo, nayo ni kutia rangi na kukamilisha uso wa mbao yenye mawimbi ya asili. Mti unaochukuliwa kama mfano ni mwembe. Hoja kuu ni kwamba utiaji rangi una kazi mbili zinazopingana: unaweza kuficha mbao isitambulike, au kudhihirisha kile ambacho tayari kimo ndani yake. Tofauti hiyo huamuliwa na aina ya rangi, mpangilio wa hatua na jinsi fundi anavyoitaja mbao yake kwa mnunuzi.

2. Mawimbi ya mbao na mwanga

Katika mti wa kawaida, nyuzinyuzi za mbao hupanda zikiwa zimenyooka kufuata shina. Katika baadhi ya miti nyuzinyuzi hizo hupinda huku na huku zinapopanda. Mbao kama hiyo ikipasuliwa, msumeno hukata mahali pengine ubavu wa nyuzinyuzi na mahali pengine ncha zake. Ubavu huakisi mwanga, na ncha huumeza. Matokeo yake ni milia ya mwanga na kivuli inayoonekana kuhama mtu anaposogeza ubao. Mawimbi hayo hayamo juu ya uso tu. Ni umbo la mbao yenyewe, na randa haiwezi kuyaondoa.

Jambo hilo lina athari ya moja kwa moja kwa mtia rangi. Ncha za nyuzinyuzi hunyonya kimiminika kwa wingi kuliko ubavu wake, kwa sababu zimefunguka mithili ya mirija iliyokatwa. Rangi ikipakwa, milia yenye ncha hukolea zaidi na ile mingine hubaki myepesi. Hivyo rangi hufuata ramani ambayo mti wenyewe uliichora ulipokuwa unakua.

Ubao mmoja ukipasuliwa katikati ya unene wake na vipande viwili vikafunguliwa kama kurasa za kitabu, mawimbi ya upande mmoja huwa taswira ya upande wa pili. Hata hivyo, mwelekeo wa nyuzinyuzi hugeuka katika kipande kimoja, kwa hiyo upande mmoja unaweza kuonekana mweusi zaidi ukitazamwa kutoka pembe fulani. Hiyo si dosari ya rangi, na fundi asijaribu kuisahihisha kwa kuongeza rangi upande unaoonekana mweupe.

3. Kwa nini mwembe

Katika gitaa la umeme, sumaku zenye koili hunasa mtetemo wa nyuzi za chuma na kuugeuza kuwa mawimbi ya umeme. Kwa sababu hiyo, ubao wa juu wa kiwiliwili hauna mzigo mkubwa wa kutengeneza sauti kama ulivyo katika gitaa lisilotumia umeme. Fundi anaweza kuuchagua kwa sura yake, uimara wake na upatikanaji wake.

Mninga, yaani Pterocarpus angolensis, una rangi ya kahawia yenye wekundu inayopendwa bila kuongezwa chochote. Kuutia rangi ni kufunika uzuri uliopo. Mpingo, yaani Dalbergia melanoxylon, ni mweusi na mzito kiasi cha kuzama majini, nao unafaa zaidi kwa ubao wa vidole kwenye shingo ya gitaa. Mwembe, yaani Mangifera indica, una mbao ya rangi ya manjano hafifu hadi kahawia nyepesi, na baadhi ya magogo huwa na mawimbi makali. Visiwani Hawaii, mwembe wenye mawimbi hutumiwa kuundia ukulele za thamani. Katika vitongoji vya Dar es Salaam mwembe ni mti wa uani, na ule uliozeeka au uliosimama mahali pa ujenzi mara nyingi huishia kuwa kuni au mkaa.

Udhaifu wa mwembe lazima ufahamike. Mbao yake ina wanga unaovutia wadudu watoboao mbao, na gogo likiachwa chini kwa muda hushambuliwa na kuvu wanaoacha madoa ya kijivu au buluu. Gogo lipasuliwe mapema baada ya kukatwa, mbao zipakwe dawa yenye boraksi, kisha zipangwe kivulini zikiwa zimetenganishwa kwa vipande vyembamba ili hewa ipite. Aidha, mwembe ni wa familia moja na mkorosho. Utomvu na vumbi lake vinaweza kuwasha ngozi na njia ya hewa, hivyo barakoa ni ya lazima.

Kipimo cha ukavu kinategemea hewa ya mahali. Katika joto la nyuzijoto 27 na unyevu wa hewa wa asilimia 75, hali ya kawaida katika ukanda wa pwani, mbao hutulia ikiwa na unyevu wa takribani asilimia 14. Fundi asiye na kifaa cha kupimia anaweza kuupima ubao kwa mizani kila wiki. Uzito ukikoma kupungua, ubao umetulia.

4. Rangi inayoyeyuka na rangi ya chembe

Rangi zinazotumiwa kwenye mbao ni za makundi mawili. Rangi ya chembe ni unga laini usioyeyuka, unaoelea ndani ya mafuta au laka. Chembe zake hukaa juu ya uso na kujaa kwenye vinyweleo. Ikipakwa mara nyingi hutanda kama pazia, na mawimbi hufifia. Rangi inayoyeyuka hugawanyika hadi kiwango cha molekuli katika maji au spiriti, kisha hupenya ndani ya nyuzinyuzi. Mwanga huendelea kupita na kuakisiwa, kwa hiyo mawimbi huonekana kwa nguvu zaidi.

Kanuni hii si ngeni katika Uswahilini. Msusi wa mikeka huchemsha ukindu katika maji ya rangi ili rangi iingie ndani ya jani. Mkeka huendelea kuonyesha msokoto wa kila ukili. Angeupaka rangi ya mafuta juu yake, msokoto huo ungezibwa.

Hata hivyo, si kila rangi ya nguo inafaa mbao. Rangi nyingi za batiki zinazotumiwa nchini huhitaji kostiki soda na haidrosulfaiti ili ziyeyuke na kuingia katika pamba, kisha hurudia hali ya kutoyeyuka zinapokutana na hewa. Kostiki hubadilisha rangi ya mbao na kudhoofisha uso wake, na mabaki yake yanaweza kuharibu laka. Zinazofaa ni rangi zilizokusudiwa mbao au ngozi, hasa zile zenye madini ya metali ndani ya molekuli zake, kwa kuwa hustahimili jua kuliko rangi sahili za anilini.

Suala la jua lina historia yake. Magitaa ya Gibson Les Paul Standard yaliyotengenezwa kati ya 1958 na 1960 yalikuwa na uso wa mepo wenye rangi nyekundu ukingoni na ya manjano katikati. Katika mengi kati yake wekundu ulififia kwa mwanga, na sasa yanajulikana kwa rangi za asali na limau. Kama hilo lilitokea Marekani, fundi wa Temeke anayetundika gitaa lake karibu na dirisha ana sababu ya kujaribu rangi kwanza: nusu ya kipande cha majaribio ifunikwe kwa karatasi nene, nusu iachwe juani kwa wiki kadhaa, kisha zilinganishwe.

5. Hatua za utiaji rangi

Hatua ya kwanza ni msasa. Uso husuguliwa kwa namba 120, 180 na 220 kwa kufuata urefu wa ubao. Mkwaruzo unaopita kinyume hunyonya rangi na kuonekana kama mstari mweusi. Gundi iliyodondoka iondolewe yote, kwa sababu rangi haipiti juu yake. Ikiwa shingo ina ubao wa mpingo, ifunikwe au iondolewe kabisa, kwani vumbi lake jeusi huingia katika vinyweleo vya mbao nyeupe.

Hatua ya pili ni kulowanisha uso kwa maji safi na kuuacha ukauke. Maji huinua vinyuzi vilivyolazwa na msasa. Hivyo vikikatwa kwa msasa wa namba 220 uliochakaa, rangi ya maji haitaacha uso ukiwa na mparuzo.

Hatua ya tatu ni rangi ya msingi, kwa kawaida nyeusi au kahawia iliyokolea. Hupakwa kwa kitambaa juu ya uso wote, kisha ikikauka husuguliwa kwa msasa hadi uso urudie weupe. Kwenye ubavu wa nyuzinyuzi, rangi haikupenya sana na huondoka. Kwenye ncha hubaki. Wakati huo mawimbi huwa yamechorwa waziwazi.

Hatua ya nne ni rangi kuu. Kwa kuwa mwembe una umanjano, rangi ya buluu juu yake huelekea kijani, ilhali kahaba, kahawia na nyekundu hukubaliana nayo. Rangi ya maji hukauka polepole na humpa fundi nafasi ya kusawazisha; ya spiriti hukauka upesi, na katika joto la mchana huacha alama mahali mipako miwili inapokutana. Mipako miwili hafifu ni bora kuliko mmoja mzito, kwa sababu rangi iliyozidi haiondoleki kwa urahisi.

6. Ukamilishaji katika hewa ya pwani

Rangi iliyokauka huonekana imefifia na kukosa uhai. Mpako wa kwanza wa sila au laka ndio unaorejesha kina chake. Iwapo rangi iliyotumika ni ya spiriti, mpako huo upulizwe mwepesi badala ya kupakwa kwa brashi, la sivyo kiyeyusho kitaiburuta rangi.

Laka ya nitroselulosi hupendwa kwa wepesi wake wa kukauka na kurekebishwa, lakini ina adui katika msimu wa masika. Tina inapovukiza hupoza uso. Unyevu wa hewa hutua juu ya laka mbichi na kuifanya iwe na ukungu mweupe. Kupuliza adhuhuri ya siku kavu, kutumia tina inayovukiza polepole na kusubiri kati ya mipako hupunguza tatizo hilo. Baadhi ya karakana hutumia laka ya magari yenye kemikali ya kukazia. Hiyo ni ngumu na hung'aa sana, lakini isosianati iliyomo inaweza kusababisha pumu. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi, na isipulizwe katika ua wenye watoto.

Baada ya laka kukomaa kwa wiki kadhaa, uso husawazishwa kwa msasa wa maji kuanzia namba 800 hadi 2000, kisha hung'arishwa kwa dawa ya kung'arishia magari. Kingo zisuguliwe kwa uangalifu mkubwa: msasa ukivuka laka na kufikia rangi, hubaki doa jeupe ambalo ni vigumu kulilinganisha tena.

7. Rangi na jina la mbao

Katika biashara ya vinyago ya Afrika Mashariki, mbao nyeupe kupakwa kiwi cha viatu na kuuzwa kama mpingo ni hila inayojulikana. Mnunuzi aliyeumwa na hila hiyo ana haki ya kushuku kila mbao iliyotiwa rangi. Hapo ndipo ufundi unapokutana na uaminifu.

Suala hili lina uzito wa kisheria pia. Jenasi ya Dalbergia iliingizwa katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES kuanzia mwaka 2017, na masharti ya ala za muziki zilizokamilika yalilegezwa mwaka 2019. Mkutano wa Panama wa mwaka 2022 uliongeza spishi za Afrika za Pterocarpus, ambamo mninga umo. Gitaa ambalo mbao yake haitambuliki linaweza kumpa shida mwanamuziki anayesafiri nalo, hata kama ni la mwembe usio na masharti hayo.

Kuna njia mbili rahisi za kuondoa shaka. Ya kwanza ni kubandika utepe kwenye ukingo wa ubao wa juu kabla ya kutia rangi, ili mstari wa milimita 5 au 6 ubaki na rangi ya asili. Mstari huo hupamba gitaa, na papo hapo huonyesha mbao ilivyo. Ya pili ni kuacha wazi sehemu ya maungio ya shingo, mahali ambapo laka haihitajiki, na kuandika hapo jina la mti na mwaka wa uundaji.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa mawimbi ya mbao hutokana na mpindo wa nyuzinyuzi, na kwamba rangi inayoyeyuka huyakoleza kwa sababu ncha na ubavu wa nyuzinyuzi hunyonya tofauti. Yameonyesha pia kuwa hewa ya pwani huamua ukavu wa mbao na wakati wa kupuliza laka. Mwembe wa uani, ukikaushwa vyema na kutajwa kwa jina lake, unaweza kubeba gitaa la thamani bila kuongeza shinikizo kwa mpingo na mninga. Rangi ikitumiwa kuigiza mti mwingine, huupunguzia mwembe heshima; ikitumiwa kuonyesha mawimbi yake, humfanya mnunuzi auombe mwembe kwa sababu ni mwembe.