Bei ya kuzibua mishipa ya moyo Nairobi: kila hospitali na yake

Ukiuliza Upper Hill bei ya kuwekewa stenti, yaani kijibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa wazi, utaulizwa kwanza una bima gani. Vuka hadi Parklands uulize tena, utaambiwa inategemea. Kuanzia katikati ya jiji hadi Hurlingham na Westlands kuna msongamano wa hospitali zenye maabara ya katheta usioonekana kwingine nchini, lakini ni nadra kukuta bei imebandikwa mahali mgonjwa anaweza kuisoma. Angiografia, yaani kupiga picha ya mishipa kwa dawa ya rangi, peke yake humaliza akiba ya familia nyingi. Stenti ikiwekwa, bili huingia mamia ya maelfu ya shilingi, na kwa mwenye stenti mbili au tatu inaweza kupita milioni. Ada ya daktari mara nyingi huja kando, kwa sababu daktari huyo huyo huwa Upper Hill asubuhi na kwingine alasiri.

Afisa mmoja wa afya aliyeomba asitajwe anategemea takwimu za mkakati wa kitaifa: magonjwa yasiyoambukiza, yakiwemo ya moyo, husababisha asilimia 39 ya vifo nchini na nusu ya wagonjwa wanaolazwa. Kwake huo ni ushahidi kwamba serikali inalijua tatizo. Mimi ningezipokea kwa tahadhari. Mtu akifia nyumbani Kangemi au Kawangware, kibali cha mazishi hutolewa na naibu wa chifu kwa kutegemea maelezo ya jamaa. "Alishikwa na kifua" inaweza kuwa moyo, inaweza kuwa nimonia. Tunachokijua kwa hakika ni wale waliofika hospitalini.

Mwagizaji mmoja wa vifaa vya moyo, mwenye ofisi katikati ya jiji, alitumia sehemu kubwa ya mazungumzo yetu kulalamikia rafu. Hospitali, anasema, hainunui stenti. Yeye ndiye huzipanga huko kwa mali kauli, na hospitali hulipia iliyotumika tu. Wala si saizi moja. Stenti huanzia kipenyo cha milimita 2.25 hivi hadi 4 na zaidi, urefu kuanzia milimita 8 hadi zaidi ya 40, na daktari akishapenyeza waya kupitia kifundo cha mkono hawezi kusubiri saizi iletwe kesho. Kwa hiyo kila hospitali inataka seti nzima. Za kati, tuseme milimita 3 kwa 18, hutoka haraka. Ndefu na nyembamba hukaa mpaka tarehe yake inapita, na hasara ni yake.

Kazi ikiisha, muuguzi hubandua kibandiko chenye nambari ya toleo kutoka kwenye pakiti na kukibandika kwenye faili la mgonjwa. Kibandiko hicho ndicho msingi wa ankara yake. Kuanzia hapo ni kungoja: hospitali inangoja bima, yeye anangoja hospitali, ilhali kiwanda cha ng'ambo hakikumngoja, alikilipa kwa dola kabla mzigo haujapakiwa. Gharama ya kungoja, anakiri, ameshaiingiza katika bei.

Malalamiko yake yana uzito, lakini kuna swali moja yasilolijibu. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160; kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi 130 hivi. Nafuu hiyo mbona haikumfikia mgonjwa? Anasema shehena ya zamani ilinunuliwa kwa kiwango cha zamani. Shilingi ilipokuwa ikiporomoka, ni nani aliyesubiri shehena ya zamani iishe ndipo apandishe bei?

Upande wa bima ya umma, tangu Oktoba 2024 mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara bila kikomo, tofauti na mfuko wa zamani ambao makato yake yaliishia shilingi 1,700 kwa mwezi. Wa mshahara wa shilingi 100,000 sasa hutoa 2,750. Maafisa hupenda kutaja idadi ya waliosajiliwa. Kusajiliwa si kuchangia, na hospitali hailipwi kwa usajili. Pengo linalobaki kwenye bili hujazwa na harambee ya WhatsApp, na wakati mwingine na hatimiliki ya shamba.

Kuna jambo jingine ambalo wafanyabiashara hawalipendi. Kwa mwenye mshtuko wa moyo, kuzibua mshipa haraka huokoa maisha, na lengo la kimataifa ni ndani ya dakika 90 tangu afike hospitalini. Hesabu hiyo haihusishi muda aliopoteza akimeza vidonge vya kiungulia, wala foleni ya Waiyaki Way. Lakini kwa mwenye maumivu ya kifua yaliyotulia, utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2019, wenye wagonjwa 5,179, haukuona kwamba kukimbilia stenti au upasuaji kulipunguza vifo kuliko kuanza na dawa. Ulionyesha nafuu ya maumivu, na hiyo si kitu kidogo. Hata hivyo, mfumo unaomlipa daktari kwa kila stenti hauwezi kuwa mwamuzi pekee wa nani anaihitaji. Mgonjwa wa namna hii ana muda wa kuomba maoni ya daktari wa pili, na anastahili kuambiwa hivyo.

India, wanakokimbilia Wakenya wengi kwa matibabu, iliweka kikomo cha bei Februari 2017: rupia 29,600 kwa stenti yenye dawa, rupia 7,260 kwa isiyo na dawa. Wakosoaji walidai hospitali zingefidia kwa ada nyingine. Huenda, lakini angalau bei moja ilijulikana. Hapa sijasikia afisa akizungumzia kikomo kwa uzito.

Bei zinaweza kushuka iwapo shilingi itaendelea kutulia na bima zitalipa kwa wakati, ingawa la pili ni gumu kuliamini. Mwagizaji wetu hasubiri. Anafikiria kuacha saizi za kati pekee kwenye rafu. Nyingine zitaletwa kwa oda, na kwa malipo ya mapema.