Nia ya Kuchanja na Tendo la Kuchanja

Mtoto azaliwapo Mkumbara, wilayani Korogwe, kama azaliwapo penginepo Tanzania, hupewa chanjo ya kifua kikuu, kisha hurudishwa kliniki atimizapo wiki 6, 10 na 14. Hapo hufuata kimya kirefu hadi miezi 9, wakati wa sindano ya kwanza ya surua na rubela. Ya pili hungoja miezi 18. Katika kimya hicho baadhi ya watoto hupotea. Mama hakuikataa chanjo. Masika yameanza, shamba linangoja, na kadi imo sandukuni.

Surua huambukiza upesi mno, hata kuizuia isienee hutaka takriban watoto 95 katika kila 100 wawe na kinga. Wachache wanaosahau, basi, si wachache.

Mwaka 1965 Howard Leventhal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwapa wanafunzi maandishi juu ya pepopunda. Maandishi ya kutisha yaliwatia hofu, hata nia. Lakini waliokwenda kuchanjwa pasipo kupewa mpango walikuwa asilimia 3 tu. Miongoni mwa waliopewa ramani ya zahanati na kutakiwa wapange wakati wa kwenda, walikwenda asilimia 28. Kitisho, kipenzi cha mabango yetu, hakikutosha.

Uchunguzi wa vijiji 152 vya Kenya ya magharibi, uliochapishwa mwaka 2017, ulijaribu ukumbusho kwa simu. Pasipo msaada wowote, asilimia 82 ya watoto walikamilisha chanjo; kwa ujumbe pekee 86, tofauti ambayo huenda ilitokana na bahati; kwa ujumbe pamoja na shilingi 200 za Kenya kwa kila chanjo iliyowahi wakati wake, 90. Fedha hizo hazikununua ridhaa, kwani wazazi wengi walikwisha ridhia.

Huko Udaipur, India, hali ilikuwa nyingine: waliokamilisha walikuwa asilimia 6. Kambi za chanjo zisizokosa siku yake zilipandisha idadi hadi 18, na kilo moja ya dengu kwa kila chanjo ikaifikisha 39. Pale ambapo mlango wa zahanati hufungwa ovyo, ukumbusho hauna maana.

Penye huduma ya uhakika, muuguzi huweza kuanza na swali lisilogharimu kitu, mtoto afikapo wiki 14: "Mama, tarehe hii utakuja saa ngapi, na shambani atabaki nani?" Jibu huandikwa kwenye kadi, mbele yake.