Kano Iliyoumia Inapona Polepole: Fundisho Kutoka kwa Farasi

Mtu akivunjika mfupa, watu wote wa nyumba yake wanafahamu kwamba anapaswa kungoja. Hakuna anayemwambia achukue mzigo siku ya kumi. Lakini mtu akiumia kano, hatungoji vile. Maumivu yakiisha tunasema, "Amepona." Kumbe, hajapona bado. Katika somo hili tutatumia mfano wa farasi, kwa sababu mguu wa farasi unaonyesha jambo hili wazi sana.

1. Kano ni nini?

Siku mtakapochinja mbuzi, tazama mguu wake. Juu utaona nyama nyekundu. Chini, karibu na kwato, nyama inakwisha, nawe utaona kamba nyeupe, ngumu, yenye kung'aa. Hiyo ndiyo kano. Kazi yake ni kuunganisha nyama na mfupa. Nyama inapojikaza inavuta kano, kano inavuta mfupa, na mguu unakwenda.

Wewe pia unazo kano. Shika nyuma ya mguu wako, juu kidogo ya kisigino. Kamba nene unayoishika ni kano kubwa kuliko zote za mwili wako. Watu wengine wanaiita mshipa, lakini si mshipa wa damu. Damu inayopita katika kano ni kidogo tu, na hii ni sababu moja ya kupona kwake polepole.

Ndani ya kano mna nyuzi nyingi sana, nyembamba, zilizolala upande mmoja kama nyuzi za kamba iliyosokotwa vizuri. Nyuzi zikilala sawasawa, kano ina nguvu. Zikikatika au zikivurugika, nguvu inapungua.

2. Kwa nini tunasema juu ya farasi?

Labda utauliza, "Farasi ana shauri gani nasi?" Ni kweli, katika sehemu nyingi za nchi yetu farasi hawaonekani, maana mbung'o wanaleta ugonjwa unaowaua. Lakini katika nchi za Ulaya, Marekani na nyingine nyingi, farasi wanashindana mbio, na wenyewe wanawatunza kwa mali nyingi.

Farasi mmoja wa mbio ana uzito wa karibu kilo 500. Chini ya goti la mguu wake wa mbele hamna nyama, ila mifupa na kano tu. Akikimbia kwa nguvu zake zote, kano ya nyuma ya mguu huo inanyooka zaidi ya sehemu 10 kwa 100 za urefu wake. Ni kama kamba ya sentimeta 30 ikinyooka kupita sentimeta 33. Kano iko karibu na mwisho wa nguvu zake. Basi nyuzi za katikati zinakatika, pengine kwa siku moja mbaya, pengine kidogo kidogo kwa siku nyingi. Mguu unavimba, unakuwa moto, na farasi anachechemea.

Mwenyewe anampumzisha. Baada ya majuma machache farasi hachechemei tena, na uvimbe umepungua. Mwenyewe anafurahi, anamrudisha mbioni. Hapo kano inapasuka tena, na mara nyingi kuliko mara ya kwanza. Farasi wengi wamepoteza kazi yao kwa njia hii. Si kwa kuumia mara moja, bali kwa kurudi mapema.

3. Mashini inayoona ndani

Picha ya radio inaonyesha mifupa vizuri, lakini haionyeshi nyuzi za kano. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980, waganga wa wanyama wametumia ekografi kutazama kano za farasi. Ni mashini ya namna ile ile inayotumiwa kumtazama mtoto tumboni mwa mama yake.

Inafanya kazi namna gani? Ukipiga kelele mbele ya mlima, sauti yako inakurudia. Ekografi inafanya vivyo hivyo. Inapeleka sauti ndani ya mguu, inapokea ile inayorudi, na kuigeuza kuwa picha. Sauti hiyo huwezi kuisikia. Sikio la mtu linasikia sauti inayotikisika mpaka mara 20,000 hivi kwa sekunde moja, lakini sauti ya kutazama kano inatikisika zaidi ya mara 7,000,000. Haina miali kama ile ya radio, kwa hiyo munganga anaweza kutazama tena na tena.

Kwanza ananyoa manywele ya mguu, kisha anapaka dawa laini yenye kuteleza, kwa sababu hewa inazuia sauti. Kano nzima inaonekana kama mistari myeupe iliyolala karibu karibu. Kano iliyopasuka inaonyesha doa jeusi, mara nyingi katikati, mahali ambapo nyuzi zimekatika na damu na maji vimeingia.

4. Picha inaongoza matunzo

Munganga hatoshelezwi na picha ya siku ya kwanza. Jeraha la kano linaweza kupanuka siku za mwanzo, kwa hiyo anatazama tena baada ya juma moja au mawili. Anapima ukubwa wa doa jeusi na unene wa kano, anaangalia kama mistari imenyooka, na anaulinganisha mguu huo na ule mzima.

Mwanzoni farasi anapumzika, na mguu unapozwa kwa maji baridi na kufungwa kitambaa. Baadaye anaongozwa kwa kamba, akitembea polepole dakika 5 mpaka 10 kwa siku. Kisha dakika zinaongezwa kidogo kidogo, juma kwa juma. Karibu na mwezi wa 3 au wa 4, picha ikiwa nzuri, anaanza kukimbia polepole kwa muda mfupi. Kwa kawaida mbio kamili hazirudi kabla ya miezi 9 mpaka 12.

Kabla ya kuongeza kazi, munganga anatazama tena kwa ekografi. Akiona kano imenenepa zaidi ya sehemu 10 kwa 100 kupita kipimo cha mwisho, anajua kwamba kazi imezidi. Anairudisha nyuma, hata kama farasi anatembea vizuri na haonyeshi maumivu.

Kwa nini basi asipumzike tu mwaka mzima? Kwa sababu nyuzi mpya zinaota bila utaratibu, kama nyuzi zilizotupwa chini. Kuvutwa kidogo kidogo kunazifundisha kulala upande mmoja. Kuvutwa sana kunazikata. Kutovutwa kabisa kunaziacha zimevurugika. Hata hivyo, kovu la kano halilingani kabisa na kano ya kwanza.

5. Mashini za siku hizi

Huko Uholanzi wataalamu walitengeneza ekografi inayoteremka yenyewe juu ya kano, ikipiga picha 600 katika urefu wa sentimeta 12. Kisha inapaka rangi. Kijani ni nyuzi nzima zilizonyooka. Buluu ni nyuzi zisizonyooka vizuri. Nyekundu ni nyuzi changa na nyembamba. Nyeusi ni mahali pasipo na nyuzi, penye maji na chembe tu. Kwa hiyo munganga anaona kama nyuzi mpya zinaanza kujipanga. Mashini hiyo imetumiwa pia kutazama kano ya kisigino cha watu, hasa wachezaji.

6. Na wewe je?

Kano ya kisigino chako inafanya kazi inayofanana na ile ya farasi. Inanyooka na kurudi kila unapokimbia au kupanda mlima na mzigo. Ukisikia ghafula kishindo nyuma ya mguu, kana kwamba umepigwa jiwe, nawe ukashindwa kusimama kwa vidole vya mguu ule, labda kano imekatika. Nenda hospitali siku ile ile. Usikubali mguu ukandwe kwa nguvu wala kuvutwa.

Dawa ya maumivu inakusaidia kulala, lakini haiungi kano. Mtu anayemeza dawa ili achukue mzigo ni kama yule anayemrudisha farasi mbioni. Mahali pasipo ekografi ya kano, munganga atatumia mikono yake, macho yake na kalenda. Akikuambia miezi, usihesabu siku. Akikupa mazoezi madogo, uyafanye kila siku, usiyazidishe wala usiyaache.

Tunajua kwamba ni vigumu. Baba au mama asipofanya kazi, watoto watakula nini? Kwa hiyo maneno haya ni kwa jamaa na kanisa pia. Mlimieni mgonjwa shamba lake kwa miezi hiyo, mchotieni maji. Ni afadhali kumsaidia msimu mmoja kuliko kumwona akichechemea maisha yake yote. Mungu ameuumba mwili uweze kujiponya, lakini kila kiungo kina wakati wake. Tuuheshimu wakati huo.

Kumbuka:
Maumivu yanaisha kabla kano haijapona.
Kazi inaongezwa kidogo kidogo, kwa shauri la munganga.
Kano iliyopasuka mara ya pili ni ngumu kuponya kuliko ya kwanza.

Maswali:
1. Kano inaunganisha nini na nini?
2. Kwa nini munganga anatazama mguu wa farasi tena, hata kama hachechemei?
3. Jirani yako ameumia kano. Utamsaidia namna gani ili asirudi kazini mapema?